Kuruka kwa Namna ya Pili

Msumari mdogo wangu,

Usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Mimi mzima, ila meno yamebaki manne na hayaelewani.

Jirani yangu, fundi magari, ameunda ndege uani kwake. Ndege kweli, ya mbao na turubai, yenye injini ya gari bovu. Aliniita nimpigie randa mbao za mabawa, nikamcheka mpaka nikakohoa. Juzi akairusha, ikapaa, ikarudi salama. Nikaacha kucheka, nikamwomba anifundishe.

"Mzee, kwa umri huo unataka kuruka?"

"Kuruka nimezoea," nikamjibu.

Akacheka, maana hajui. Wewe unajua. Siku ile injini ya msumeno ilipoungua pale karakana, bosi akauliza nani ameiacha ikinguruma, nilikuruka kimanga mbele ya mafundi wote. Nikasema sikuwepo, ulikuwa peke yako. Mkono ulioiacha ulikuwa wangu. Ukafukuzwa ukiwa bado na vumbi la mbao kichwani, nami nikaendelea kupiga randa kama si mimi. Miaka thelathini na minane.

Ndege ina viti viwili. Fundi anasema nikihitimu, abiria wa kwanza nitamchagua mwenyewe. Kiti cha nyuma nimekichonga kwa kipimo cha makalio yako ya zamani; kama umenenepa, niandikie nikipanue. Kama hutaki, niandikie pia, hata tusi.

Safari hii sikuruki, Msumari. Tutaruka wote.

Kaka yako,
Randa