Chupa Kwenye Madaka ya Bibi

Jumanne, Maskati. Joto limetulalia tangu alfajiri, na mimi sina hamu hata ya chai.

Leo nimekwenda kuiona nyumba ya shamba ya marehemu babu, nje ya mji. Mama ndiye aliyeirithi. Mdogo wangu Nassor alimwomba wakala aikodishe iwe hoteli ndogo, maana ikiachwa tupu itaanguka. Mama akakubali kwa moyo mweupe.

Na wameitengeneza, siwezi kusema uwongo. Kuta za udongo zimekandikwa upya, nene vile vile. Darini yamo magogo yale yale ya mitende. Mlango wa nakshi umepakwa mafuta, unang'ara. Msanifu, mgeni mwenye adabu zake, alinitembeza huku akijisifu kwamba hakubomoa hata daka moja, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu.

Kisha tukaingia chumba cha bibi.

Ukuta wa kibla una daka kubwa la upinde katikati, na madogo huku na huku ya kuwekea misahafu. Bibi akiswali hapo maisha yake yote. Sasa daka lile limetiwa taa na kujazwa chupa za wiski mpaka juu, na mbele yake kaunta. Msanifu ati alidhani ni kabati la vyombo! Simlaumu, angejulia wapi? Lakini Nassor alifundishwa kuswali mumo humo, ubavuni mwa bibi. Aliwaona wanazipanga chupa zile, asiwakataze.

Nilipomuuliza akanijibu, "Dada, wanaokunywa ni wageni tu. Sisi inatuhusu nini?"

Inatuhusu nini! Ana uso gani huyu?

Nilirudi nyumbani, Mama ananisubiri sebuleni. "Haya, niambie, wameiharibu?"

Nikamwambia kuta zote zimesimama. Akafurahi, masikini. "Basi Ijumaa nipelekeni. Nnataka niswali rakaa mbili chumbani kwa mama yangu kabla sijafa."

Nimejifungia hapa nalia kwa ghadhabu. Nikimwambia, nitamvunja moyo. Nisipomwambia, ataingia mule na mswala wake mkononi.

Mimi siwezi, wallahi siwezi.

Nimempigia Nassor sasa hivi. Nimemwambia Ijumaa atampeleka yeye, peke yake. Amshike mkono mpaka ndani, na Mama akiuliza autandike wapi mswala, amjibu yeye.