Maneno ya Baba Uliyoyameza

Soko la Nyamache,
Kisii.
9 Juni 2024

Mpendwa shemeji Duke,

Hujambo? Marion na watoto hawajambo? Natumaini mlirudi Marekani salama na mgongo wako umeacha kukusumbua. Neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu sikulelewa kuanza barua kwa matusi. Kama ungeshika simu zangu ungeyasikia haya kwa sauti, na labda yangekuwa makali zaidi. Barua hii anakuletea dada yake Marion, mkononi, usije ukasema haikufika.

Sisi tupo. Ndugu yako Job bado anachomelea milango kule Kisii mjini na hurudi Jumamosi. Mimi nashona sare kibandani kwangu kama kawaida. Pale nyumba zetu zilipokuwa kabla ya kilima kuporomoka, ya Baba na yetu, pamebaki tope jekundu, na migomba yake yote ilitelemka hadi mtoni. Hatukuzika mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Lakini Baba ni mgonjwa. Ni nimonia. Amelazwa Kisii, anapumua kwa shida, na daktari hataki kutuahidi kitu. Umenitumia ujumbe mmoja tu kuuliza amepatwaje. Nitakujibu vizuri.

Siku mliyofika na misheni ya kanisa lenu, Baba alikuwa ameamka mapema kunyoa ndevu. Koti lake lilikuwa limeokolewa kwenye udongo, nikalifua, nikalipiga pasi kibandani. Alijua mwanawe anakuja. Sote tuliokimbilia uwanja wa shule tulijua, maana alikuwa ametangaza. Mkashuka kwenye magari na fulana zenu za rangi moja, wewe mbele na kofia, tukaimba hadi koo zikakauka. Ulimkumbatia Baba mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mpiga picha hakuwa tayari.

Kisha mkagawa mahema. Familia moja, hema moja. Mimi, watoto na Baba tukaonyeshwa letu.

Najua unajua, ila wacha nikukumbushe, kwa maana unajifanya umesahau. Mgusii akishaozesha mwanawe, haingii tena nyumbani kwa mwana huyo, sembuse kulala chini ya paa moja na mke wa mwana. Mimi ni Mjaluo wa Homa Bay, Duke. Kwetu pia tuna heshima zetu kwa wakwe, lakini za kwenu nilifundishwa na marehemu mama yako nilipoolewa, jikoni kwake, akinionyesha hata mahali pa kusimama Baba akipita. Wewe ulizinyonya na maziwa.

Baba alikuvuta kando akakuambia kwa Kigusii, polepole, nami nilikuwa nyuma yenu nimebeba godoro: "Mwanangu, mwambie mgeni siwezi kulala humu na mke wa ndugu yako. Wanipe hata turubai, nijifunike peke yangu."

Mchungaji Mitchell, kiongozi wenu, akakuuliza mzee anasema nini. Ukamjibu kwa Kiingereza, na tabasamu juu: "Anasema anamshukuru Mungu na kanisa letu."

Ulidhani nimesomea wapi, shemeji? Kiingereza nakijua na Kigusii nimekijua. Yule mchungaji alifurahi, akamshika Baba mikono yote miwili. Hema la ziada lilirudishwa garini likiwa bado limekunjwa. Nililiona kwa macho yangu. Ungesema neno moja tu lingeteremshwa, kwa sababu wale watu, hata kama wana haraka na picha nyingi, hawakuja na roho mbaya. Uliona aibu. Hukutaka wazungu wako wajue kwamba baba yako ana mila. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, na siku ile nilimwona mtumwa amevaa kofia.

Mlipoondoka kwenda kulala hotelini mjini, niliwachukua watoto tukahamia kibandani ili Baba abaki na hema. Hakuingia. Nilikuwa nimeshatandika humo, kwa hiyo kwake ilikuwa nyumba yangu. Ogoti jirani alimbembeleza, Job akaja mbio kutoka mjini kumbembeleza, akakataa. Alilala kwenye baraza la darasa, na unajua mvua ya huku inavyopiga kwa ubavu. Tuliomba funguo za darasa tukaambiwa mwenye nazo amesafiri. Alipoanza kutetemeka ninyi mlikuwa tayari mmepanda ndege. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mwenyeji wetu yuko kwenye oksijeni.

Picha ya Baba mbele ya lile hema nimeiona kwenye ukurasa wa kanisa lenu. Watu wengi wameipenda. Na sasa nasikia mnarudi Agosti, na unataka Baba asimame atoe ushuhuda. Nimekasirika hadi nimejidunga sindano kidoleni nikishona.

Sikuombi kitu cha kununua. Job na rafiki yake Ochoki wameanza kumjengea kijumba chake cha mabati, na kitasimama. Nataka umwendee Mchungaji Mitchell na umwambie yale Baba aliyosema siku ile, neno kwa neno.

Nakwambia kwa nini. Jana nilimpelekea uji. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango kama inavyopasa, Ogoti akamshikia kikombe. Baba hana kinyongo nawe hata kidogo. Anaamini ulimfikishia mchungaji maneno yake, na kwamba mzungu ndiye aliyekataa. Kila asubuhi, kabla ya dawa, anamwombea yule mzungu Mungu amsamehe ugumu wa moyo.

Sijamwambia anayepaswa kuombewa ni nani. Hiyo kazi ni yako, na pumzi yake ni fupi.

Nisalimie Marion, yeye hana kosa. Nisalimie pia Dancun na wadogo zake, waambie babu yao anawataja. Mungu awalinde mlale pakavu.

Ni mimi ambaye bado nakuita shemeji,
Pam Achola