Wangoje Maji Yasimame

Tunduma,
Jumapili asubuhi.

Kwako Kaka Saidi,

Assalaam alaykum. Barua yako niliipata Alhamisi kwa mkono wa kondakta, imekunjamana kona zote lakini hakuna neno lililofutika. Nimemshukuru Mungu kusikia Mama anakula sasa na kikohozi kimepungua. Je, bado anakataa shuka zito na kujifunika khanga mbili? Na goti lako? Hukuliandika popote, ndiyo maana najua linakuuma.

Sisi huku tuzima. Baridi ya mwaka huu imezidi, maji ya ndoo asubuhi yanakata vidole. Malori yamepanga foleni hadi nje ya mji, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Shemeji yako yuko safari Kongo, leo siku ya kumi na mbili, simu yake haishiki. Mpwa wako Zuhura anasoma vizuri. Amejifunza Kinyamwanga kwa wenzake, siku hizi akikasirika ananijibu kwa lugha hiyo nisielewe. Mimi niko palepale karibu na mpaka na vitenge vyangu. Wazambia wananiita "bamayo", yaani mama, wanapunguza bei wenyewe kabla sijafungua mdomo, tunacheka, siku inapita.

Ningeweza kukupigia simu, Kaka. Nimeishika mara tatu nikaiweka chini. Maneno haya nikiyasema kwa mdomo utanikatiza, au nitalia na salio litaisha. Ndiyo maana nimeandika.

Umeniambia kwamba kamati mpya inataka kuyarudisha mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, na kwamba wanaandika historia yake kwenye kijitabu cha kugawa siku hiyo. Umeninakilia sentensi inayomhusu Baba: "Mwanzilishi, kwa sababu ya uzee, alisahau kuwatahadharisha waandaaji juu ya hali ya maji." Wanataka familia iweke sahihi, na wewe umesema huna pingamizi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Usiweke sahihi, Kaka. Nakuomba umalize kwanza kusoma.

Historia yenyewe naijua kukupita, kwa sababu ilipoanza wewe ulikuwa Nachingwea shuleni. Ilikuwa miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Baba alikuwa anaendesha mashua ya kuvusha watu Kitunda, na wiki hiyo hapakuwa na dizeli. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamekwama ng'ambo. Ikaja habari kwamba dukani Mingoyo yameshuka matairi ya baiskeli, machache. Unakumbuka baiskeli zetu wakati ule? Tairi la Baba lilikuwa limefungwa kwa vipande vya mpira, likizunguka linapiga kelele kama mtu anayekula miwa. Basi wale watatu wakatazamana, wakavua mashati, wakaogelea mpaka Lindi. Hapo wakachukua baiskeli zao mbovu, kila mmoja na njia yake, wakakanyaga hadi Mingoyo. Baba alipata tairi la mwisho. Kurudi, mnyororo wake ukakatika Ngongo. Akaiacha baiskeli kwa watu, akavaa tairi shingoni, akakimbia hadi mjini ili wale wawili wasije kusema wamemshinda. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mchele. Nilimwona anakuja na tairi shingoni, chumvi imemkaukia usoni, Mama akamwambia, "Wewe baba, umefungwa kama ng'ombe wa nani?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwaka uliofuata wakarudia kwa mzaha. Mwaka wa tatu wakawa ishirini. Ndipo ikawa desturi kwamba mshindi havishwi kitu kingine, anavishwa tairi jipya shingoni. Hata ile kampuni ya vinywaji ilipokuja na fulana na medali, watu walizomea mpaka tairi likaletwa.

Lakini waandike na hili, maana ndilo muhimu: siku ya mashindano ilikuwa haitoki kwenye kalenda. Baba alikuwa anautazama mwezi, anachagua siku za maji mafu, maji yasiyo na nguvu. Na hata siku hiyo hawaingii mpaka maji yasimame, yasitoke wala yasiingie. Baba anachovya mguu, anatupa kipande cha kumbi la nazi, analitazama. Likitulia mahali pamoja anagonga debe. Watu waliweza kukaa saa nzima mchangani wakisubiri kumbi la nazi litulie, na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka ule wa mwisho kamati ilipanga Jumamosi, kwa sababu ya mgeni rasmi. Jumamosi ile iliangukia bamvua, maji yenye nguvu kuliko yote. Walipanga kuanza saa mbili asubuhi, kwa kuwa mgeni alikuwa na shughuli nyingine mchana. Baba mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi kutembea. Aliniita alfajiri baada ya sala, akaniambia maneno ambayo nayajua kama ninavyolijua jina langu:

"Nenda kwa katibu. Mwambie saa mbili maji yatakuwa yanatoka kwa nguvu kwenda bahari kuu. Wasiingie. Wangoje maji yasimame, saa nne. Watatoka kwenye tope, lakini watatoka. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Nilimkuta mdogo wetu Hamisi gatini, amevaa fulana yenye namba saba, anajipaka mafuta ya nazi mabegani. Unamjua alivyokuwa na utani. Akaniambia, "Dada umekuja kuniaga? Usinililie, wewe ndiye utakayeolewa bara ukaoge kwenye beseni." Nikamweleza nimetumwa nini. Akacheka, halafu akaona sicheki.

"Dada, saa nne maji yamekauka. Tutatoka kwenye tope kama kaa, mbele ya mgeni, mbele ya watu wote hawa! Mwaka jana nimevaa tairi. Mwaka huu nivae tope?"

"Baba amesema."

"Baba amekasirika hawajamwita agonge debe. Wameleta filimbi badala yake. Wewe huoni? Nyamaza tu, dada yangu. Maji haya nimeyaogelea tangu sijatahiriwa."

Kaka, mimi nilikwenda mpaka kwa katibu. Alikuwa amevaa suti, jasho linamtoka, ameshika karatasi, spika zinapiga kelele. Akaniuliza, "Vipi binti, mzee anaendeleaje na mguu?" Nikamjibu, "Anaendelea vizuri, anawasalimu." Basi. Hayo ndiyo niliyosema. Nilimwona Hamisi nyuma yake anapanda mashua ya kwenda Kitunda, ananikonyeza, nami nikafurahi kwamba sikumharibia siku yake.

Yaliyotokea unayajua. Maji yaliwavuta wote, mashua ya uokoaji ikawafuata waliokuwa wengi pamoja. Hamisi alikuwa wa mbele, peke yake, ameshawaacha mbali. Kama angekuwa mwogeleaji mbaya tungekuwa naye leo.

Usilolijua ni hili. Mchana ule, kabla hawajampata, Baba alikuwa ameketi kitandani na mguu wake juu ya mto. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu, "Uliwaambia?" Nikamjibu, "Niliwaambia, Baba."

Siku ya tatu ya matanga katibu alikuja na wenzake. Ulikuwepo, umefika jana yake kutoka Nachingwea. Katibu akasema mbele ya watu, "Mzee, kama ungetutumia hata neno moja tungengoja. Kwa nini hukutuambia?" Mimi nilikuwa kwenye mlango wa uani na birika la kahawa. Baba aliinua uso. Hakumtazama katibu, alinitazama mimi. Naona mpaka leo, Kaka, jicho lake la kushoto lilikuwa na wekundu kwenye kona. Alinitazama kitambo, kisha akamgeukia katibu akasema, "Nilisahau."

Nawe ukasimama. Sikulaumu, hukujua. Ukamwambia, "Umesahau mtoto wako, Mzee?" Ukatoka. Na tangu siku ile ukawa unapitisha maneno yako kwa Mama. "Mwambie Mzee chakula tayari. Mwambie Mzee nasafiri." Na mtaani wakasema mzee wa mashua alinyamaza kwa hasira ya debe, wengine wakasema akili imeanza kumtoka. Aliyavumilia yote hayo. Hakuniita hata mara moja kuniuliza. Siku moja tu, wakati ninafunga mizigo ya kuja huku kwa mume, aliniletea lile tairi la Hamisi la mwaka wa nyuma, akasema, "Lichukue wewe. Huku linamuumiza mama yako." Nilijua amenisamehe. Nilijua pia kwamba ninakimbia.

Alipofariki nilisafiri siku tatu kwenye mabasi, nikakuta mmeshazika. Nilikuuliza kama mlisemezana mwishoni, ukaniambia, "Nilimwekea maji ya kunywa." Nilitaka kukuambia usiku ule. Nikaona umechoka. Siku zote nimekuwa naona kwamba mtu amechoka, au mgeni amekuja, au si wakati wake.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Alhamisi nilipokuwa nasoma barua yako sokoni nilimwacha mteja na kitenge mkononi, na jirani yangu wa meza akaona. Anaitwa Mama Tusekile, ni mtu wa milimani Ileje, Mmoraviani, anauza maharage. Bahari hajawahi kuiona. Akasema, "Dada Rehema, umefiwa?" Nikamwambia ni msiba wa zamani, mdogo wangu, bahari ilimchukua kwenye mashindano wakati maji yanatoka.

"Yanatoka yanakwenda wapi?"

"Yanarudi baharini."

"Loo! Kwetu maji yanashuka tu, hayajui kurudi. Halafu yanakuja tena?"

"Yanakuja. Kila siku mara mbili."

"Mkijua saa yake?"

"Tunaijua."

Akachambua maharage yake kidogo, akatupa jiwe moja, akaniuliza, wala hakuwa na ubaya, "Sasa mama, kama yanatoka na yanakuja na saa yake mnaijua, si mngengoja tu?"

Nilikunja vitenge mapema nikarudi nyumbani. Zuhura akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni baridi.

Tungengoja, Kaka. Muda wa saa mbili tu. Mgeni angeondoka, kijana wetu angetoka na tope mpaka masikioni, angenuna wiki nzima. Leo angekuwa mtu mzima mwenye kitambi, anawasimulia watoto wake siku aliyoaibika mbele ya mgeni rasmi.

Basi majibu yangu kwa kamati ni haya. Mashindano wayarudishe, Baba angependa. Lakini ile sentensi waifute. Mahali pake waandike kwamba mzee aliyeyaanzisha alituma ujumbe alfajiri wangoje mpaka saa nne, na kwamba binti yake Rehema hakuufikisha. Jina langu liwekwe wazi. Wakikuambia haipendezi kwenye kijitabu cha sherehe, basi wasiandike habari ya siku ile kabisa, lakini neno "alisahau" lisiwepo. Na siku waichague kwa mwezi, si kwa nafasi ya mgeni. Wamtafute mtu anayeyajua maji, wampe debe, na wamtii.

Mama msomee wewe mwenyewe, taratibu, akiwa ameshakula. Ruka ile ya mafuta ya nazi mabegani, nitamsimulia mimi nikija. Nakuja, nikijaliwa, shemeji yako akirudi tu. Kama utakuwa hutaki kuniona uniambie mapema, nitafikia kwa Shangazi, sitakulaumu.

Na wewe, Kaka, najua nimekuongezea mzigo. Ile miaka uliyomnyima maneno hairudi, na aliyekunyang'anya ni mimi. Nenda kaburini kwake. Yaliyobaki utayajua mwenyewe ukifika.

Kwa kondakta yuleyule nimempa kiroba, usishangae uzito wake. Ndani ni tairi. Limetundikwa ukutani kwangu miaka yote hii, halijagusa barabara hata siku moja, mpira umeanza kupasuka kwa baridi ya huku. Wakipata mshindi, Mama akikubali, avishwe hilo kwanza, kisha wampe jipya lake.

Mpe Mama mkono wangu na umbusu kiganja. Msalimie mkeo, mwambie ukwaju alionitumia umekwisha na Zuhura ndiye mwizi. Msalimie Shangazi mwenye vidonda vya tumbo, asinywe chai kavu. Msalimie na yule katibu wa zamani ukimwona. Alizoea kuinamisha kichwa akipita mbele ya nyumba yetu, mwambie ainue.

Na mtu akikuuliza tena pale mtaani ni nini mzee wetu alisahau, mjibu kwamba hakusahau kitu. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki wa kike, akamfunika.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema