Kipande Kimenifanya Binti wa Mume Wangu

Mpendwa Mama Mshauri,

Salaam aleikum. Naomba msaada kwa jambo ambalo hata sijui kama ni la kulia au la kucheka. Sisi wanawake tumeanza kupewa vipande vya kitambulisho juzi juzi tu, na kabla ya kupata changu niliketishwa mbele ya wazee hapa Isiolo nithibitishe kuwa mimi ni Mkenya, maana sisi Wasomali huulizwa tulikotoka hata kama babu aliletwa hapa akiwa askari wa Mwingereza na kaburi lake liko hapa hapa, basi nikawahesabia baba zangu, Halimo wa Dualeh wa Ahmednur, nikapanda juu mpaka wazee wenyewe wakasema, "Inatosha, mama," halafu karani akaniuliza nimeolewa na nani, nikamjibu, na kipande kilipotoka kimeandikwa Halimo Warsame, na Warsame ni mume wangu.

Kwetu mwanamke haachi jina la baba yake hata akiolewa, kwa hiyo kila Msomali akisoma kipande changu anaona Warsame ndiye aliyenizaa. Mama mkwe wangu, Habsa, aliposomewa alisema, "Astaghfirullah, hiyo karatasi isikae kwa nyumba yangu." Mume wangu amekifungia sandukuni. Anasema, "Wewe ngoja. Nitarudisha kwa ofisi watengeneze. Kura itakuja ingine." Lakini uandikishaji wa wapiga kura unakaribia kufungwa, na mimi sijapiga kura maisha yangu yote, na natamani kujua kile chumba cha kura kina nini ndani, na tena najiuliza, baba zangu wote hao niliowataja, karani aliwaacha wapi? Nifanyeje?

Halimo binti Dualeh, Isiolo, 1983

Halimo mwanangu, aleikum salaam.

Nimecheka, nisamehe, kisha nikakasirika. Karani alifuata mazoea ya kwao, ambako mke huitwa kwa jina la mumewe. Hakuwa na ubaya, ila hakuuliza. Na wewe je, ulikisoma pale dirishani, au ulikifunga kwenye leso ukakimbilia nyumbani?

Sasa sikia. Usikirudishe kwanza. Ukikirudisha utabaki na risiti, na risiti haipigi kura. Kitoe sandukuni leo, ni chako, kisha ujiandikishe Halimo Warsame vile vile kilivyo. Ukijiita Dualeh kwenye kadi ya kura na Warsame kwenye kipande, utarudishwa mlangoni. Kura ikiisha, nenda ofisini na wazee wale wale waliokusikia ukihesabu, umrudishe baba yako mahali pake. Najua inauma kumkosa humo.

Mama mkwe mweleze kwa heshima kwamba ndoa yenu ilifungwa na sheikh, wala si karani. Chumba cha kura kina meza na kalamu, na utakuwa humo peke yako. Nenda ukajionee.

Na Warsame akishikilia kwamba karatasi imemfanya baba yako, basi mwambie afanye kazi ya baba: akusindikize mpaka kituoni, angoje nje, na akurudishe nyumbani salama.