Swala wa Mwanaidi na bakuli zangu za plastiki

Mwanaidi, mtu akitaka kuwasha oveni, kwanza anaifungua. Hilo halihitaji shule, maana mie niliishia la tatu na nalijua.

Jumapili, Segerea. Joto la kuvua ngozi, feni inasukuma moto tu.

Mjukuu wangu huyu leo alikuwa anatazamwa na mama wa mchumba wake. Mama akiondoka kanuna, posa ndiyo imekufa. Sasa kuku wangu wa nazi kamwona wa kizamani. Kaenda bucha la nyamapori, karudi na sarara ya swala, ile nyama laini ya mgongoni, kaipaka kitunguu saumu na ndimu. Eti itaingia oveni, itoke inakatika kwa kijiko.

Nyama ilikuwa nzuri, sisemi uongo.

Akawasha oveni ipate moto, akaenda kuoga.

Oveni ya nyumba hii, tangu mwanangu ainunue, haijapika kitu. Ni kabati. Mna bakuli zangu za plastiki nilizopewa kwenye shughuli za watu, na mifuniko yake.

Harufu ilinikuta uani. Kufungua, bakuli zimekuwa uji wa kijani, unadondoka kwenye chuma. Mwanaidi kasimama na khanga ya kuogea, analia. Mgeni anabisha hodi.

Kubembeleza nilikuwa sina muda. Swala nikamtia kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, kama napika mkate wa kumimina. Ila nilikuwa nakimbia na chetezo cha udi kufukuza ule moshi, basi nyama ikatoka nje imeungua, ndani nyekundu.

Mgeni akatafuna kipande kimoja, akatafuna. Mwisho akauliza kwa adabu ni plastiki gani inaungua.

Nikaiona posa inavaa viatu.

Mwanaidi, hajui hata kudanganya, akampeleka jikoni akamfungulia oveni. Yule mama akainama, akachungulia weee.

"Mama," akaniambia, "mie ya kwangu naweka unga na sukari."

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Akarudi mezani akaongeza nyama, ya pembeni iliyoungua, na hakuondoka mpaka tumepanga siku ya kuleta posa.

Sasa Mwanaidi, kesho asubuhi shika kisu uikwangue hiyo plastiki mpaka nione chuma. Na ukishaolewa, oveni ya mama mkwe wako uifungue kabla hujaiwasha. Mna sukari.