Swali la Zaina Kuhusu Potasiamu na Iodini

Biryogo, Jumapili, Februari 1992

Idi, rafiki yangu,

Naandika haya kwenye shajara yangu kwa sababu leo nimekwama, na mtu wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Tangu homa ikuchukue, mama yako ameniomba nimfundishe mdogo wako Zaina kemia mpaka mtihani. "Mwanangu, kaka yake sasa ni wewe," alisema. Asipofaulu anaacha shule; baba yako ameshamtengea cherehani. Nilikubali haraka. Nilidhani ninajua.

Jana tulifungua jedwali la elementi. Nikamwonyesha safu ya kwanza: ukishuka, ukali unazidi. Lithiamu inatokota polepole majini, potasiamu inawaka. Kisha safu ya klorini: ukishuka, ukali unapungua. Florini inashambulia karibu kila kitu, iodini ni mpole. Zaina akanitazama. "Kushuka ni kushuka. Mbona huku kunawasha, huku kunazima?"

Nikamwambia akariri.

"Kaka Idi hakuwa anasema kariri," akajibu, akafunga daftari.

Usiku nikakumbuka ulivyonieleza kibarazani, koti la mteja mkononi. Elementi za chini zimevaa makoti mengi. Potasiamu hutaka kuachia elektroni, nayo ni kama kifungo cha koti la nje kabisa: ukigusa tu, kimedondoka. Iodini hutaka kunyakua elektroni ya mwingine, lakini mkono wake umebanwa ndani ya makoti, haufiki. "Makoti ni yale yale, bwege wewe, kazi ndiyo tofauti!" Tulicheka sana.

Hapo nafika. Lakini nikienda kulia hadi mwisho wa mstari, napotea tena. Gesi ya agoni imetulia, haihitaji mtu. Ongeza hatua moja, unaanza mstari mpya, ni potasiamu, inawaka moto. Labda ni koti jipya limeanza, lenye kifungo kimoja. Labda. Hatua moja tu, Idi. Jumatatu tulibishana kuhusu mpira, Ijumaa tukakuzika, na mpaka leo sielewi kilichopita katikati.

Kesho nitarudi kwa Zaina. Ninachojua nitamweleza, na nisichojua nitasema sijui, twende wote wawili kwa mwalimu. Hatakaa kwenye cherehani kwa sababu mimi niliona haya kuuliza. Siku ya mtihani nitamsindikiza hadi getini, nimngoje mpaka atoke.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akupe utulivu ambao mimi sijaupata.

Yusufu