Umeme Ulioguswa

Jumapili, 15 Asar

Mvua tangu alfajiri. Katikati ya mwezi wetu wa Asar ndiyo siku ya kupanda mpunga, kila mtu matope mpaka nyusi, na mimi nimekula mtindi na mchele wa kupondwa mpaka tumbo limetuna. Mto Sirpa umefura. Maji yanatosha mashine zote tatu za kituo chetu cha umeme, lakini mbili zimesimama. Hakuna wa kumuuzia. Maji yanapita juu ya kizuizi yanakwenda zake India, bure, bila kuulizwa pasipoti.

Redio asubuhi: Waziri amesema kanda yetu sasa ni soko moja, umeme hauna mipaka. Mchana akapita Mwenyekiti wa kamati, Khagendra Dahal, chini ya mwavuli, uso umemshuka. Watu wa Delhi hawatanunua mpaka wahakikishe jambo moja. Sheria yao ya soko inakataa umeme wa kituo kilichoguswa na mkono wa Mchina. Iwe pesa, iwe mkandarasi, iwe fundi.

Nikamwomba arudie. Kikiguswa? Ndiyo, akasema, kikiguswa tu, basi.

Nimeingia ndani kucheka. Mwenyekiti ni wa ukoo wa makuhani. Sisi Bishwakarma ni wahunzi, na maji yakiguswa na mkono wa mhunzi, watu wa ukoo wake hawayanywi. Sheria ilikataza mambo hayo zamani, lakini sheria huishia barazani, jikoni haiingii. Sasa umeme wake umekataliwa kama maji yangu! Umeme hauna mipaka, kumbe una ukoo. Nimecheka mpaka binti yangu Binsa akaja kuniuliza kama nimepaliwa.

Jumanne, 17 Asar

Kikao cha kamati ya waathirika wa mradi. Mimi ni mjumbe wa viti maalumu: mwanamke, tena mhunzi, wakinikalisha mimi wamemaliza masharti mawili ya sheria kwa kiti kimoja. Kiti chenyewe kiko karibu na mlango.

Meneja wa kampuni akasema, huku anapangusa miwani, kwamba kwenye maombi ya kuuza umeme waliapa hakuna Mchina aliyegusa kituo. Delhi inaleta mkaguzi aone kwa macho yake. Vichwa vyote vikageuka kuniangalia mimi.

Mkwe wangu. Tang Shunfa, fundi aliyechomelea lile bomba kubwa la kuteremsha maji mpaka kwenye mashine. Mkandarasi alikuwa wa Kathmandu kwa maandishi. Mafundi walitoka ng'ambo ya milima, Uchina. Wenzake walirudi kwao, yeye akabaki, akamwoa Binsa. Siku hizi anatengeneza madirisha na mageti pale sokoni. Geti la Mwenyekiti ni kazi yake. Kijiji kinamwita Tang Bahadur, kama mtoto wa hapa.

Mwenyekiti akapendekeza aondoke kidogo. Nikauliza kidogo ni kiasi gani. Mpaka mkataba usainiwe, akasema. Halafu? Halafu mpaka uishe, maana watakuwa wanakuja kukagua. Mkataba ni wa miaka ishirini na mitano. Mjukuu wangu hajazaliwa bado, na baba yake atamkuta ana ndevu.

Wataamua Ijumaa.

Jumatano, 18 Asar

Nimewaambia wakati wa kula. Binsa ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba kama ya kukopa. Akaweka upawa chini, akauliza lile bomba lilichomelewa na nani kama si mumewe, mashetani? Tang akaendelea kula. Mwisho akasema, "Mama, nikitoka, nitarudi kwa mlango gani?" Kibali chake cha kuishi hapa akikiacha tu, kimekufa. Anajua hivyo. Sote tunajua.

Niandike wazi, hakuna anayesoma: nampenda huyu kijana. Walikuwepo vijana wa koo kubwa waliompenda Binsa shambani. Wakifika mlangoni kwangu, kiu inawaisha ghafla. Tang alipokuja kumposa nilimwekea maji, nikatulia nione. Akanywa. Alikuwa hajui. Mtu akamnong'oneza sisi ni akina nani. Akaomba mengine, akasema kuna joto.

Ijumaa, 20 Asar

Nimesema haendi. Akiondolewa, nitakwenda mwenyewe darajani kumlaki mkaguzi na nitamwonyesha kila kiungo cha bomba na aliyekiunga. Meneja akageuka rangi. Mwenyekiti akasema, "Mjumbe, unachoma nyumba ukiwa ndani." Kweli. Hisa za kituo ninazo na mimi. Kijiji kizima kinazo: nyati, dhahabu za arusi, mishahara ya vijana walioko Qatar, vyote vimeingia mtoni. Delhi ikikataa, zile karatasi ni za kuwashia moto. Hilo silicheki.

Wakanong'onezana. Kisha Mwenyekiti akaja na dawa yake. Sura ya Tang, akasema, ukiiangalia vizuri ni sura ya Warai, kabila la milima ya mashariki. Basi awe Mrai. Tang Bahadur Rai, mzaliwa wa Khotang. Wanaokubali? Mikono yote juu. Na wangu.

Tangu nizaliwe naambiwa ukoo wa mtu umeandikwa kabla hajazaliwa, hakuna nguvu duniani ya kuubadili. Kumbe wingi wa kawaida wa kura unatosha, hata theluthi mbili hazihitajiki! Tulipofika kwenye mengineyo nikauliza kama na mimi naweza kupeleka ombi. Mwenyekiti akasema ajenda zimefungwa.

Jumatatu, 23 Asar

Mwalimu Dhanraj Rai, Mrai wa kweli, ametumwa kuja kumfundisha mkwe wangu kuwa Mrai. Amefika amekasirika. "Mmegawa ukoo wetu kama pipi za arusi, hata kutubishia hodi?" Lakini hisa anazo, akaketi.

Amemuuliza ukoo, kijiji, jina la babu. Tang anajibu vizuri, ila ulimi unamwangusha. Wamekubaliana aseme alikaa Malaysia miaka mingi, ulimi ukaharibikia huko. Kwenye nyama ya nguruwe na pombe ya ulezi Mwalimu akasalimu amri, akasema hapo huyu anatushinda sisi wenyewe. Binsa alicheka mpaka akashika tumbo. Nimefurahi kumsikia akicheka.

Jioni akaja Mwenyekiti, akasimama uani kama kawaida yake. Limebaki jambo dogo. Mrai kuishi nyumba moja na mama mkwe mhunzi kutaleta maswali. Kwa hiyo siku ya ukaguzi nyumba ni ya Tang, na mama mkwe hayupo. Alisema kwa upole. Nikamwambia sawa.

Nyumba ni yangu. Nilijenga na marehemu mume wangu, jiwe kwa jiwe. Nimesema sawa kwa ajili ya miguu ya Binsa.

Alhamisi, 26 Asar

Mkaguzi hakuja. Maporomoko yamekata barabara. Nguzo moja imeanguka pia, kwa hiyo umeme wetu sisi wenyewe haupo tangu jana. Kituo kiko nyuma ya kilima, kinanguruma, na mimi nachambua dengu karibu na dirisha.

Mwalimu amenieleza jambo. Baridi ikija mto unakauka, na hapo sisi ndio tunaonunua umeme kwao India, ule wa makaa ya mawe. Nikamuuliza tunakagua nani aliyeyagusa makaa? Akasema hapana, hakuna kifungu hicho.

Jumanne, 31 Asar

Bado. Asar ya mwaka huu ina siku thelathini na mbili, zote za kungoja. Mwenyekiti hupita kila asubuhi na mwavuli kuulizia Mrai wake kama yuko tayari. Hajawahi kutujali hivi. Binsa hana usingizi. Tang amechonga kitanda cha mtoto, hakusema kitu, amekileta tu na kukiweka pembeni.

Ijumaa, 2 Saun

Wako nje hapa. Naandika jikoni, juu ya pipa la unga, maana nisipoandika nitapasuka.

Mkaguzi anaitwa Tripurari Mishra. Mnene, mpole, goti baya. Asubuhi kazungushwa kituo kizima; Meneja alikuwa amewakesha vijana wakikwangua vibandiko vya Kichina kwenye mashine. Mpango ulikuwa apelekwe moja kwa moja kwa Mwenyekiti kula. Lakini mvua imemwagika wakiwa njiani, na goti likamgomea hapa hapa mbele ya nyumba yangu. Akaketi kwenye benchi la baraza, Mwenyekiti kando yake; Meneja amebaki kituoni. Hakuna aliyelipanga hilo. Mimi nikakimbilia jikoni. Mlango una ufa, naona.

Amemsalimia Tang. Kwenu wapi? Khotang. Ulifanya kazi kituoni? "Nilibeba mawe, Bwana." Lafudhi hiyo? Malaysia. Mishra anatikisa kichwa, anatikisa tena. Akagonga fremu ya dirisha kwa kalamu, akauliza nani kachomelea safi namna hii. Tang akasema, "Mimi." Ulijifunzia wapi? "Malaysia." Mkaguzi akatabasamu. Tabasamu lile silielewi. Ama ni mjinga sana ama anajua kila kitu na anangoja chai.

Maana chai ndiyo aliyoomba. Binsa akaja, tumbo mbele, akauliza glasi ngapi. Nikamwambia tatu. Akaniangalia. Nikarudia, tatu.

Nimeipika kama ninavyoipika siku zote.

Mishra akachukua yake, akapuliza, akanywa. Tang yake. Ya Mwenyekiti ikabaki kwenye sinia. Mkaguzi akaona. "Vipi, Dahal-ji? Nyumbani kwa Mrai watu wa kwenu hawanywi chai?" Mwenyekiti akasema amefunga, Saun ni mwezi mtukufu kwa Wahindu. "Lakini ndizi mbili umekula kule kituoni," akasema Mishra. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Mwenyekiti akaangalia njia, akaangalia mvua. Kisha akaichukua.

Baba yake alikuwa akimsimamisha mama yangu shamba la chini, anamrushia chumvi ya ujira wake kutoka juu, asimguse. Mimi nimekaa naye kwenye kamati miaka minne, na glasi yangu naiosha mwenyewe. Nikadhani mbingu zitafanya kitu. Akanywa. Hakukohoa hata. Akanywa tena, akapangusa masharubu, akaimaliza, akairudisha kwenye sinia kama mtu yeyote aliyekunywa chai.

Basi ilikuwa ni hivyo tu? Miaka hamsini na miwili ya umri wangu, na kumbe ilitakiwa goti bovu na sheria ya Delhi. Nilijua siku hii ikifika nitacheka. Nalia. Naandika na nalia, na upawa bado ninao mkononi.

Ngoja. Mishra anaisifu chai. Tangawizi yake, anasema, kama ya kwao. Anauliza nani kaipika. Si huyu binti, maana aliingia na kutoka na sinia papo hapo. Nani yuko jikoni?

Tang alifundishwa kusema hakuna mtu. Hasemi. Ameinamisha kichwa, mikono ameiweka magotini, na hasemi. Binsa yuko mlangoni, mgongo wake unanificha nusu. Jamani, mwanangu, sema hakuna mtu. Unasahau kibali?

"Mwite basi," Mishra anamwambia Mwenyekiti, "tumshukuru."

Mwenyekiti amesimama. Anakuja huku. Viatu vyake nasikia kwenye sakafu yangu, na hajawahi kuvuka kizingiti hiki. Inabidi aniite kwa jina fulani, na Mishra ametega sikio. Akiniita mjumbe, ataulizwa wa nini. Akiniita kwa uhunzi wangu, hadithi yote ya Mrai imekwisha, na Tang naye. Limebaki neno moja ambalo mtu humwita mwanamke wa rika langu mbele ya wageni, na hilo hajawahi kulitumia kwangu. Dada.

Binsa amesogea pembeni. Mwenyekiti amefika mlangoni. Ameniona, na machozi yangu, na hili daftari. Amefungua mdomo—